Mpaka

"Hutoa mistari kuanzia A mpaka B."
Niliiandika mwenyewe sentensi hiyo, miaka miwili nyuma,
Tandahimba, umeme umerudi saa nne usiku,
nikifasiri maelezo ya maktaba ya msimbo huria,
mali ya wote, yaani ukiiharibu hakuna wa kukufokea
na ukiitengeneza hakuna wa kukulipa.
Niliisoma mara moja. Ikateleza vizuri ulimini.
Nikalala.

Msimu huu Bi Somoe Nandonde amekuja ofisini mara tatu.
Kilo mia mbili na kumi na mbili, daraja la kwanza,
stakabadhi kaifunga kwenye ncha ya kanga,
namba yake katika daftari la ghala ni hamsini.
Malipo yametoka. Wa arobaini na tisa kanunua bati.
Wa hamsini na moja kalipa ada ya mtoto.
"Mashine haijakuona," karani alimwambia,
kana kwamba mashine ina macho
na mama huyu hana mwili.

Tukatafuta wenzake. Walikuwepo:
wa mia, Bakari Likwata wa Mahuta;
wa mia na hamsini, marehemu, wanawe wanagombana,
kila mmoja akidhani mwenzake kazila.
Wa mia mbili hakuwa hata amelalamika.
Alishazoea.

Chilumba, aliyeiunda programu ya chama, alikuja na laptopu
kifuani kama mtu aliyeleta mtoto mgonjwa.
Nikaikagua kazi yake mstari kwa mstari.
Hakukosea. Alisoma "mpaka hamsini", akaamini wa hamsini yumo.
Maktaba nayo haikukosea: tangu kuundwa kwake
hufika mlangoni pa hamsini, ikageuka.
Kosa lilikaa katikati yao,
neno langu, kimya, limevaa nguo safi.

Mpaka.
Mimi mtu wa Kitaya, niliyekulia ukingoni mwa Ruvuma,
nilipaswa kulijua neno hili.
Shangazi alilima mpunga kisiwani mto ulipopungua;
mwaka mmoja mto ukahama, kisiwa kikabaki ng'ambo
na mpunga haujakomaa.
Tulimuuliza: mpaka ni maji, au ni ukingo,
au ni ule mstari wa katikati usiolowa?
Akasema, mpaka ni pale askari anapokuuliza.

Nikajaribu "hadi". Hadi ni mpaka aliyebadili shati.
Nikajaribu "kufikia". Kufikia wapi, kizingitini au kitandani?
"Kati ya" ikawatupa nje wote wawili, wa kwanza na wa mwisho.
Nikaishia kuandika kama anayemwelekeza mgeni gizani:

"Hutoa mistari kuanzia A. Mstari wa A umo.
Huishia kabla ya B. Mstari wa B haumo.
Ukimtaka wa hamsini, andika hamsini na moja."

Haina mlio. Haitelezi.
Inakaza ulimi kama bibo lisiloiva.

Mlinzi wa maktaba, nisiyemjua sura wala nchi,
akaniandikia: ya nini maneno yote haya?
Sentensi moja imezaa tano. Ya zamani ilikuwa fupi.
Nikamjibu: ilikuwa fupi kwa mtu mmoja kila hamsini.
Akakaa siku mbili.
Akapokea.

Habari nilimpelekea Bi Somoe mwenyewe, nje ya ghala,
vumbi la magunia likitupaka sote rangi moja.
Tumepata kosa, nikamwambia. Ni langu.
Fedha yako itaingia mpaka Ijumaa.
Akaikunja stakabadhi, akafunga fundo,
lakini hakuondoka.

"Ijumaa yenyewe imo?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.
Nikamwomba karani simu.